Sifuri za Jumamosi

Lori tupu la kubebea majani ya chai lilikwama kwenye kona ya tatu chini ya mlima wa Manga, na dereva akazima injini kama mtu aliyekuwa akitafuta sababu. Alisema yeye juu haendi. Mvua ya mawe ya jana ilikuwa bado imelala mitaroni, nyeupe iliyochanganyika na udongo mwekundu, na kando zote mbili za barabara chai ilikuwa imechanikachanika kana kwamba kundi la mbuzi lilipita humo. Nilichukua mkoba wangu nikaanza kupanda kwa miguu.

Ilikuwa Septemba ya mwaka 1974, siku ya Jumanne, na mguu wangu ulikuwa haujawahi kukanyaga nchi ya Wagusii. Majuma sita kabla ya hapo nilikuwa Dakar, nikiliandikia gazeti moja habari za meli za utafiti zilizokusanyika huko kutoka mataifa mengi. Zilikuwa zikirusha maputo angani mchana na usiku ili kujua vimbunga vya Atlantiki vinaanzaje. Katika ofisi moja yenye feni iliyokufa, mtaalamu mmoja alinionyesha orodha ya vipimamvua vya Afrika Mashariki. Jina moja alikuwa amelizungushia kalamu: Manga, wilaya ya Kisii, mpimaji J. Nyasani. Miaka kumi na moja, aliniambia, na hakuna hata siku moja iliyoachwa wazi. Hata kwao Ulaya mtu wa namna hiyo alikuwa adimu. Kwa kuwa nilikuwa narudi kwa njia ya Kenya, je, ningeweza kumnakilia hesabu za Julai na Agosti nitakapofika huko, bila kungoja posta? Nilikubali. Mtu asiyekaa mahali pamoja hupenda kutumwa. Humpa sababu ya kufika.

Kwenye njia panda nilimwomba mwanamke aliyekuwa akichagua majani yaliyosalimika anionyeshe nyumbani kwa Nyasani. Alinitazama kuanzia viatu.

"Unatafuta marehemu au unatafuta mkebe?"

Nilimwambia sijui habari za mkebe. Akacheka kidogo bila furaha, akaelekeza kidole kwenye migomba, kisha akasogea kando kunipisha, mbali kuliko njia ilivyohitaji.

Nyuma ya migomba palikuwa na nyumba ya udongo yenye bati, kaburi lililopandwa maua, na uwanja mdogo wa nyasi uliozungushiwa seng'enge. Katikati ya nyasi ilisimama silinda ya shaba yenye kimo cha goti. Mwanamke mrefu wa miaka hamsini hivi alikuwa amesimama mbele yake ameshika birika, macho yake kwenye saa ya mkononi ya kiume.

"Ngoja," alisema kabla sijabisha hodi.

Tulingoja dakika mbili. Ilipofika saa tatu kamili alipiga goti, akapima maji ya moto kutoka kwenye birika kwa bilauri nyembamba yenye mistari, akayamimina ndani ya faneli ili yayeyushe mawe ya barafu yaliyobaki, akatoa chupa iliyokuwa ndani ya shaba, akapima tena, akaondoa kichwani hesabu ya maji yake ya birika, akaandika. Ndipo alipofuta mkono kwenye leso na kunisalimu. Aliniita ndugu, kama Wasabato waitanavyo.

Huyo alikuwa Drusilla Kemuma. Jethro Nyasani, mumewe, alikuwa amekufa mwaka 1966.

Kemuma alizaliwa Birongo, akasoma misheni hadi darasa la nne, akaolewa Manga kwa ng'ombe ambao hata wakati huo alikuwa akiwakumbuka kwa rangi zao. Jethro alikuwa mtu wa kupenda vyombo. Mwaka 1963 alijitolea kupima mvua, akaletewa kile kipimo, bilauri, na daftari lenye karatasi za kutuma Nairobi kila mwisho wa mwezi. Alipougua, mkewe akawa anapima na kumsomea kitandani. Alipokufa, mazishi yalikuwa saa nane mchana, na saa tatu asubuhi ya siku hiyo Kemuma alikuwa amepiga goti kwenye nyasi. Kwa miaka mitatu aliendelea kutia saini jina la Jethro, kwa kuogopa kwamba Nairobi wakijua ni mwanamke wangekuja kuchukua chombo chao. Baadaye mkaguzi mmoja alipita, akaona, akacheka, akamwambia aendelee.

Alikuwa na binti mmoja, Nyanchera, aliyeolewa Kenyenya. Mtoto wa kiume hakuwa naye. Nilikuja kuelewa polepole uzito wa jambo hilo. Mwanamke wa Kigusii kwao ni kwa mumewe; huko ndiko kuliko shamba lake na huko ndiko atakakozikwa. Kwa binti yake hawezi kuhamia, maana mama mkwe halali nyumba ya mkwe wake, ni aibu isiyosemeka. Kwa kaka yake Birongo angepewa pembe ya jikoni. Kemuma alikuwa na mahali pamoja tu duniani, na mahali hapo palikuwa pale nilipomkuta, kati ya kaburi la Jethro na kipimo cha shaba.

Na mahali hapo walikuwa wanataka kumtoa.

Alinieleza hayo tukiwa tumekaa barazani, akimenya ndizi za kupika bila kuziangalia. Mwaka ule mvua ya mawe ilikuwa imepiga Manga mara tano. Katika milima ile watu wanaamini kwamba mvua ya mawe na radi huweza kutumwa, kufichwa, hata kuuzwa. Na hapa palikuwa na mjane aliyepigia goti chombo cha shaba kila asubuhi saa ileile. Maneno yalikuwapo tangu zamani, lakini yalikuwa ya mzaha. Watoto walimwita mama wa mkebe. Kisha Ijumaa moja mwezi wa Agosti, saa kumi na moja kasoro, radi ilimpiga Bochaberi akiwa anachuma chai, kikapu mgongoni.

Bochaberi alikuwa mke wa Nyamongo, mdogo wake Jethro. Yeye na Kemuma waliolewa boma moja, walikuwa katika egesangio moja, kile kikundi cha wanawake kinacholima na kuchuma kwa zamu, leo kwako kesho kwangu. Kemuma ndiye aliyemwosha. Baada ya mazishi, zamu ya shamba la Kemuma ilipofika, hakuja mtu. Alisimama na kikapu chake hadi jua likapanda, akaanza kuchuma peke yake. Hakuna aliyemwambia neno. Hilo ndilo lilimwogopesha.

"Wangenitukana ningejibu," alisema.

Nyamongo alikuwa amepeleka mashtaka kwa naibu chifu, mzee Omwenga. Baraza lingekaa Alhamisi.

Nilimwambia kwa nini nilikuwa nimekuja. Nilimweleza kama nilivyoelezwa Dakar: kwamba juu ya Afrika, kwenye kimo cha kama futi elfu kumi, upepo huvuma kutoka mashariki kwenda magharibi, na mara kwa mara upepo huo hupinda, mara kaskazini mara kusini, na lile pindo husafiri kuelekea magharibi. Hilo ndilo wimbi. Kati ya wimbi na wimbi hupita siku tatu, nne au tano. Sehemu moja ya wimbi anga hutulia, sehemu nyingine mawingu hurundikana na kupasuka. Mengi hufika bahari ya Atlantiki yakafifia. Machache, yakikuta maji ya moto ya kutosha na anga isiyovuruga mawingu yake, huanza kujizungusha, na baada ya siku kadhaa huwa kimbunga kinachong'oa miji upande wa pili wa bahari. Nilimwambia pia wasichokijua. Mawimbi hayo mengi huonekana kuanzia kaskazini mwetu, pande za Ethiopia na Sudan, na hapa karibu na ikweta kimbunga chenyewe hakiwezi kuzaliwa, maana upepo hausukumwi kujizungusha. Hakuna aliyekuwa na hakika kama mvua ya milima hii ina undugu wowote na safari hiyo. Ndiyo sababu walitaka daftari lake.

Kemuma aliinuka akaenda kwenye mti aliofungia ng'ombe, akafungua kamba, akafunga ncha moja kwenye nguzo ya baraza na kuitikisa ncha nyingine. Pindo likakimbia hadi kwenye nguzo. Akatikisa tena. Alifanya hivyo mara nyingi, uso wake ukiwa kama wa mtu anayesomewa barua.

"Kwa hivyo inatoka huko," alisema, akielekeza mkono upande wa Kericho, "inatupita, inakwenda zake. Na haijui jina la mtu."

"Haijui."

"Utawaambia hivyo Alhamisi, ndugu?"

Nilisema nitawaambia, na zaidi ya hapo nitawaonyesha. Daftari lenyewe lingesema. Jioni ile, nyumbani kwa Omwenga ambako nilipewa kitanda, nilinakili hesabu za Julai na Agosti kutoka kwenye nakala za karatasi alizoniazima. Karatasi zile zilikuwa na tarehe tu, kutoka moja hadi thelathini na moja, bila majina ya siku. Sikunakili zote. Niliruka sifuri na manyunyu, nikachukua zile mvua kubwa za milimita ishirini na zaidi, nikazichora kama vigingi kwenye karatasi. Vilisimama vizuri ajabu: siku tatu, siku nne, siku tatu, siku nne. Nilijiona kama mtu aliyeshika wimbi kwa mkia. Laiti ningekuwa na subira ya kunakili sifuri.

Nikiwa bado Manga, juma lililofuata, redio ilitangaza kwamba kimbunga kimeua maelfu ya watu Honduras, ng'ambo ya Atlantiki. Nilihesabu siku nyuma kwa vidole, nikitafuta wimbi lake lilipita lini juu ya Afrika. Sina haki ya kudai lolote kuhusu hesabu hiyo, na silidai. Lakini wakati huo nilikuwa nimeshajifunza namna hesabu inavyoweza kumdhuru mtu.

Jumatano nilirudi kwake. Hakutaka daftari liende barazani. Alisema liliandikwa kwa ajili ya Nairobi, halikuandikwa kwa ajili ya Manga, na watu wasiolijua watalisoma wanavyotaka. Nilimwambia bila daftari mimi ni mgeni anayesimulia hadithi za upepo. Nilimwonyesha vigingi vyangu. Aliviangalia muda mrefu, akaweka kidole kwenye kimoja, akakiondoa, akaonekana kutaka kusema kitu. Nikamkatiza. Niliendelea kuzungumza, kwa sababu nilikuwa na hakika. Mwishowe alilifunga daftari kwenye kitambaa cha meza akanikabidhi.

Baraza lilikaa kwenye kibanda cha kununulia chai, mizani ikining'inia juu ya vichwa. Nyamongo ndiye aliyekuwa karani wa mizani hiyo, kwa hiyo alikaa mahali pake pa kila siku, na shati lake lilikuwa limefungwa vifungo vikiwa vimepishana kimoja. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wanne na hakulala tangu Agosti. Waliohudhuria walikuwa Wasabato na Wakatoliki kwa pamoja, maana chai haibagui makanisa, na Omwenga aliagiza watu waseme Kiswahili ili mgeni asikie.

Nyamongo alisema machache. Hiyo mkebe ya shaba inaita radi. Tangu ikuje, mawe yamezidi. Mke wake amekufa hatua mia moja kutoka kwayo. Yeye hamtaki shemeji yake afe. Anataka aende, na mkebe iende.

Nilipewa nafasi. Nilieleza habari za kamba na pindo, na niliwaona wazee wawili wakiinamia mbele. Mwanamke mmoja aliuliza kama wimbi hilo linaweza kusimama Kericho, huko kwenye mashamba ya makampuni, litupunguzie sisi. Watu walicheka, na Omwenga naye akacheka, na kwa dakika chache nilidhani tumeshinda. Nilifungua daftari. Niliwaeleza kwamba kila tarakimu ni maji yaliyokutwa kwenye chupa saa tatu asubuhi, yaani mvua ya mchana na usiku uliotangulia, na kwamba mama huyu na marehemu mumewe hawakuruka siku hata moja kwa miaka kumi na moja. Daftari hili, nilisema, ni shahidi asiyependelea mtu.

Nyamongo aliinua mkono kama mtoto wa shule.

"Bochaberi alikufa Ijumaa, tarehe ishirini na tatu. Mvua ile ilijaza mtaro mpaka ikabeba kikapu chake. Soma asubuhi ya ishirini na nne."

Nilifunua ukurasa. Nilipeleka kidole chini hadi kwenye ishirini na nne.

"Soma, bwana mgeni."

"Sifuri," nilisema.

Nyamongo aliinuka, akaja, akasoma mwenyewe. Kisha akarudi kwenye meza yake, akatoa ukutani kalenda ya kanisa aliyokuwa amepigilia juu ya vitabu vya mizani, akaileta. Alikuwa karani, kulinganisha karatasi mbili ndiyo kazi yake. Tarehe kumi na saba Agosti, Jumamosi, sifuri. Tarehe kumi, Jumamosi, sifuri. Tarehe tatu. Akarudi Julai, ishirini na saba, ishirini, kumi na tatu, sita. Alisoma kwa sauti ya kupimia chai, bila hasira. Kila Jumamosi sifuri. Kila Jumapili maji mengi. Nusu ya vigingi vyangu ilikuwa Jumapili. Ndipo nilipoelewa.

"Hii miaka yote kumi na moja," Nyamongo alisema, "Ijumaa hainyeshi Manga?"

Kemuma alisimama. Alisema kwamba Jumamosi ni Sabato, hafanyi kazi, na kupima ni kazi. Maji ya Ijumaa huyaacha kwenye chupa, yanaungana na ya Jumamosi, naye huyapima pamoja Jumapili. Tone halipotei. Mvua iliyomuua Bochaberi imo katika sitini na moja za tarehe ishirini na tano.

Omwenga, ambaye naye alikuwa Msabato, aliuliza kwa upole kwa nini basi aliandika sifuri, badala ya kuacha wazi.

"Karatasi inasema nafasi isiachwe wazi," alijibu. "Jethro aliandika sifuri. Nikaandika sifuri."

"Jua likishazama Sabato imekwisha. Hukuweza kupima jioni?"

"Karatasi inasema saa tatu."

Aliposema hivyo sauti yake ilibadilika. Nilimwona akiyasikia maneno yake mwenyewe. Miaka yote hiyo alikuwa ameilinda amri moja, na kila Jumapili asubuhi, kwa mwandiko safi wa misheni, alikuwa ameivunja nyingine: aliandika kwamba mvua haikunyesha, naye alijua imenyesha. Hakuwahi kuiona kama uongo. Ilikuwa sehemu ya kujaza karatasi. Sasa aliiona mbele ya watu, na kwenye nafasi ile moja aliona amemfuta Bochaberi.

Kutoka nyuma Mkatoliki mmoja alisema kwamba sasa mambo yako wazi, mvua inafichwa siku ya kanisa lao na kufunguliwa siku ya kanisa letu. Alikusudia mzaha. Wachache walicheka. Wengine wakaanza kuhesabu, na nilisikia mzaha ule ukisafiri kutoka benchi hadi benchi na kugeuka njiani, hata ulipofika mbele hakuna aliyecheka tena.

Nilijaribu. Nilisema tuyagawe maji ya Jumapili, tutaona mawimbi yapo. Lakini maji ya siku mbili yakishakutana kwenye chupa, nani anajua la Ijumaa ni lipi? Niliwaambia kwamba siku nyingine zote ni sahihi. Nyamongo alinitazama kwa huruma iliyonichoma kuliko matusi.

"Bwana mgeni, mvua iliyoua mtu haimo. Wewe unasema hiki kitabu ni shahidi. Mimi nikiandika sifuri kwa kikapu cha mtu, kiwanda kitaniuliza yale majani niliyaficha wapi."

Kisha akamgeukia Kemuma. "Mke wa kaka, hata yeye ulimwandika sifuri."

Kemuma alikaa chini, akakunja kitambaa cha meza mara mbili, mara nne.

Omwenga hakumhukumu. Alisema mashtaka ya kutuma radi hayana ushahidi. Ila kwa usalama wake, mama huyu aende kwao Birongo kidogo, mpaka mioyo ipoe. Kipimo kibaki kwa sasa, ni mali ya serikali. Kila mtu pale alijua maana ya neno hilo kidogo. Vijana waliosimama nje ya kibanda tayari walikuwa wanabishana shamba litalimwa na nani.

Nilimfuata Kemuma hadi kwake, nyuma kwa hatua kadhaa. Langoni nilimwomba radhi. Alisema jana alitaka kuniambia habari za Jumamosi, alipoweka kidole kwenye karatasi yangu, lakini mimi nilikuwa na furaha sana.

Asubuhi ya Ijumaa nilifika mapema. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Vitu vyake vilijaa kikapu kimoja cha chai na boksi moja la bati. Ng'ombe alikuwa ameshachukuliwa na mtu wa kumpelekea Birongo. Saa tatu ilipofika tulikwenda kwenye nyasi. Alipiga goti, akainua mkono kutoa faneli, akasita.

Ndani ya faneli kulikuwa na kiberiti. Kilikuwa kipya, kikavu, kimewekwa katikati kwa uangalifu, kama mtu awekavyo sadaka.

Alikitoa akakiweka kwenye nyasi. Alitoa chupa, akapima, akanisomea: sita nukta nne. Nikaandika.

Nilimwambia nitabaki. Nitalala nyumbani mwake ili isionekane tupu na kuchomwa, na nitapima mpaka aje mwingine au arudi yeye. Sikuwa na mahali pa kuwahi. Alinipima kwa macho, akavua saa ya Jethro na kuifunga kwenye mkono wangu, akakaza tundu moja zaidi kwa sababu mkono wangu ni mwembamba. Alinionyesha namna ya kusoma maji kwa kulinganisha jicho na mstari, asiyepiga goti hukosea. Alinionyesha birika la mvua ya mawe.

"Kesho ni Jumamosi," nilisema.

"Najua kesho ni nini."

"Nipime?"

Aliliangalia kaburi la Jethro kwa muda. Maua yake yalikuwa yamevunjwa na mawe ya Jumatatu, na hakuwa amepata nafasi ya kuyafunga.

"Amri inamhusu hata mgeni aliye ndani ya lango langu," alisema. "Kwa hivyo siwezi kukutuma. Lakini nikishatoka pale, ndugu, hili lango si langu tena."

Ilimbidi afike Birongo kabla ya jua kuzama na Sabato kuanza. Nilimtwika boksi kichwani, akaweka kamba ya kikapu kwenye paji la uso, akatoka kati ya migomba kwa mwendo wa mtu aendaye sokoni. Shambani kwa jirani wanawake wa egesangio walikuwa wamejipanga kwenye mistari ya chai, wakichuma. Mikono yao ilisimama. Hakuna aliyemsalimu, na hakuna aliyetazama pembeni. Alipita katikati yao.

Upande wa Kericho mawingu yalikuwa yameanza kujenga, meupe juu, rangi ya risasi chini. Nilirudi ndani ya seng'enge, nikachukua kile kiberiti, nikatia chupa mahali pake na kufunika faneli juu yake. Nilikuwa bado nimeinama niliposikia sauti yake kutoka kwenye kona ya chini, pale barabara inapoanza kuteremka. Alikuwa amesimama, boksi kichwani, akinitazama kupitia mwanya wa migomba.

"Imekaa upande," alisema. "Inyoshe."

Niliigusa faneli kwa vidole viwili nikainyosha, nikapima kwa jicho kama alivyonifundisha, nikainuka kumwuliza kama sasa iko sawa. Barabara ilikuwa tupu.